UZI: Miaka 19 ya kufundisha uchumi, kutafiti na kuandika gazetini, na beseni la dagaa la Kibirizi lililoniumbua

Mwisho_wa_Reli (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Humu nimekuwa msomaji wa kimya miaka mingi. Mwezi huu vijana watatu wamenifuata inbox na swali moja: "Prof., nikisoma uchumi nitakuwa nani?" Kwanza mimi si profesa. Ni mhadhiri mwandamizi, na mbele nitaeleza kwa nini nimekwama hapo. Niko likizo nyumbani Ujiji, Kigoma, mvua inapiga bati, umeme haujakatika. Acha nitiririke.

Nimekulia hapa, mama akiuza mawese ya chupa barazani. Nikasoma EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati), nikaenda chuo, matokeo yakatosha kubakizwa kama mkufunzi msaidizi. Siku hizi matangazo mengi ya nafasi hiyo yanadai GPA (wastani wa alama) ya 3.8 kwa 5, kwa hiyo mdogo wangu ukiingia mwaka wa kwanza ukasema "nitaamka mwaka wa pili", umeshachelewa. Baada ya hapo ni ngazi: mhadhiri msaidizi ukiwa na uzamili, mhadhiri ukiwa na uzamivu, mwandamizi, profesa mshiriki, profesa. Kila ngazi inahesabu machapisho yako kwenye majarida ya kitaaluma. Makala ya gazeti la Kiswahili ina alama ngapi? Sifuri. Likumbukeni hilo, ndilo lililonifanya nifungue uzi.

Tuanze na darasa. Semesta yangu ya kwanza nilipewa maikro, wanafunzi zaidi ya 600, ukumbi mmoja, kipaza sauti kinachokoroma. Nikafundisha mahitaji na ugavi kama nilivyofundishwa: pizza na bia, kama kitabu cha Marekani kilivyosema. Wakakariri, wakafaulu, wakasahau.

Mwaka wa tatu hivi nikaleta utafiti wa Robert Jensen wa mwaka 2007. Ni wa wavuvi wa Kerala, India. Kabla ya simu za mkononi kufika kule, boti ilitia nanga soko la karibu na kwao, ikikuta samaki wamejaa wanamwagwa, huku soko la jirani wanunuzi wamerudi mikono mitupu. Simu zilipoingia kati ya mwaka 1997 na 2001, mvuvi akawa anapiga akiwa bado majini na kuelekea penye bei. Bei za masoko zikakaribiana, samaki wa kumwagwa wakaisha. Utafiti mzuri kweli, nikaufundisha kwa mbwembwe, nikabadilisha majina: badala ya Kerala nikaweka mialo yetu ya Ziwa Tanganyika: Kibirizi, Katonga na Ujiji.

Kijana mmoja wa nyuma kabisa, kwao Buhingu, akanyoosha mkono. "Mwalimu, baba ana simu. Lakini nyavu ni za tajiri, taa ni za tajiri, mafuta ya injini amekopeshwa na tajiri. Dagaa wameshauzwa kabla hawajavuliwa. Apige simu amuulize nani bei?"

Ukumbi ukacheka. Mimi nikaenda nyumbani nikiwa na mada ya utafiti.

Naendelea, nakunywa chai kwanza.

---

binti_Gungu

Naweka kambi hapa. Huyo wa Buhingu amemaliza kila kitu 😂

---

Mkoko_Mweusi

Mkuu usituache njiani kama wale wa "itaendelea" halafu miaka mitatu kimya.

---

Mwisho_wa_Reli

Nimerudi.

Utafiti. Mwaka 2016 nilipata fedha kidogo, nikaajiri vijana wawili, tukakaa miezi mitano tukiandika bei ya dagaa wabichi kila alfajiri kwenye mialo mitatu. Kwa msioijua Kigoma: dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, wakati wa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa haivuti kitu, mitumbwi inapumzika. Alfajiri akina mama wananunua kwa beseni, wanaanika kwenye vichanja au mchangani, wakikauka ndipo wanaingia kwenye magunia kwenda Dar, Kasulu, mpaka Kongo.

Kitabu kinasema samaki wakiadimika bei ipande. Data yangu ikasema bei ya beseni karibu haitikisiki, giza au mbalamwezi. Nikashangaa, nikarudia hesabu, jibu lile lile. Nikajenga hoja nzuri sana kwa nini soko la dagaa limetulia: mikopo ya matajiri, mazoea, mahusiano ya muda mrefu. Muswada nikautuma kwenye jarida la nje. Wahakiki wawili wakausoma, wakadai nibadilishe majedwali na kuongeza marejeo (nadhani mmoja alitaka nimtaje yeye), wakakubali kimsingi.

Kwa furaha nikaandika makala ya Kiswahili gazetini. Maneno 900. Nikashauri halmashauri zisihangaike na bei, zihangaike na barafu, vichanja na barabara. Nilijiona mtu.

Wiki mbili baadaye naikuta simu ya namba ngeni. Kijana: "Shikamoo mwalimu, mama yangu yuko Kibirizi, nimemsomea makala yako, anataka kuongea na wewe." Mama akachukua simu. Salamu zikachukua dakika tatu, akaniuliza kwetu ni wapi, nikamwambia Ujiji, akasema basi wewe ni mwanangu. Halafu:

"Mwanangu, wewe uliuliza bei. Hukuuliza beseni."

Wakuu, nilikaa kitako.

Akanieleza taratibu kama anafundisha mtoto kuhesabu. Dagaa wakiwa wengi, beseni linajazwa kilima, na juu yake unaongezewa konzi mbili tatu za nyongeza. Wakipungua, kwanza nyongeza inakufa. Kisha kilima kinakuwa mfuto. Kisha linaletwa beseni lile lililopigwa tako likaingia ndani. Bei anayotaja muuzaji ni ile ile, kwa sababu kupandisha bei mbele ya watu mnaoonana kila siku ni kutafuta ugomvi, ila kupunguza konzi hakuna anayegombana nawe. Kwa hiyo soko halikuwa limetulia hata kidogo. Lilikuwa linapanda na kushuka ndani ya beseni, na mimi miezi mitano nimesimama pembeni naandika namba ile ile kwenye daftari.

Nikapanda treni na mizani. Alfajiri ya kwanza tu nikaona: bei moja, uzito mbalimbali, na tofauti haikuwa ya gramu.

Nikauondoa muswada jaridani. Kufanya upya kulinila miaka miwili na zaidi, na ombi langu la kupanda daraja likaondoka na muswada ule. Ndiyo maana si profesa. Gazetini niliandika makala ya pili kukiri kosa. Mhariri akaniuliza mara mbili kama nina uhakika nataka kujianika hivyo. Ikatoka, ndogo, chini kabisa, jirani na matangazo ya viwanja.

Sasa linganisheni. Wahakiki wawili wenye uzamivu waliipitisha kazi yenye kosa. Makala yenye alama sifuri ndiyo iliyomfikia mtu mwenye jibu, kwa sababu ilikuwa kwa lugha anayosomewa na mwanawe. Ningeandika kwa Kiingereza peke yake, kosa lile leo lingekuwa kwenye maktaba, na mimi profesa mshiriki.

---

Nzega_Road

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni wa Urambo, huku Tabora habari hiyo tunaijua kwa jina jingine: daraja. Bei za tumbaku zinatangazwa mapema, kila daraja na bei yake, karatasi inabandikwa ukutani kwenye chama chetu cha msingi. Kila mtu anaiona. Siku ya soko mitumba (marobota ya tumbaku) inapangwa mstari, klasifaya, yaani mpanga madaraja, anapita, anachomoa jani, ananusa, anaandika. Bei haijabadilika hata senti. Lakini mtumba uliotegemea uwe daraja la juu ukishushwa mawili, umelia. Halafu mgeni kutoka Dar anaandika "bei ya tumbaku mwaka huu imebaki kama mwaka jana".

---

Mwisho_wa_Reli

Marahaba ndugu yangu. Hili naliiba mchana kweupe, mwanafunzi wangu wa uzamili ataambiwa ahesabu mitumba kwa daraja, si bei ya ukutani. Mkulima wa tumbaku na mama wa dagaa wamenyolewa kwa wembe mmoja: kipimo kiko mkononi mwa mwenzake.

---

Mkoko_Mweusi

Swali la uchokozi. Wachumi mnatuambia mfumuko wa bei umeshuka. Mbona sukari haijashuka? Au nanyi mnaandika bei bila beseni?

---

Mwisho_wa_Reli

😂 Hapo nusu kosa ni letu waandishi. Mfumuko ni kasi ya bei kupanda. Wastani wa mwaka 2023 ulikuwa asilimia 3.8, mwaka 2024 ukawa 3.1. Maana yake mwaka 2024 bei ziliendelea kupanda, ila mwendo pole kidogo. Ni kama basi la Kasulu: dereva akipunguza mwendo, bado mnaenda Kasulu, hamrudi Kigoma. Lakini kichwa cha habari kikisema "mfumuko washuka", msomaji anasikia "bei zashuka", akienda dukani anatuona waongo. Mimi nilishaacha kuandika "umeshuka" peke yake. Naandika "bei zimepanda, ila polepole zaidi". Wahariri hawaipendi, ndefu. Nagombana nao kila mara.

Na kuna maneno magumu zaidi. "Gharama mbadala" liko kamusini, lakini ukimwambia mtu soko la Mwanga hapa Kigoma atakutazama. Nilikuja kuandika "ulichokiacha ili upate hiki" na hakuna aliyepiga simu kuuliza.

---

Ex_Bodi

Mwanzisha uzi, hukuogopa? Kuna kipindi kutoa takwimu zako tu ilikuwa kesi.

---

Mwisho_wa_Reli

Niliogopa, sitakuficha. Sheria ya Takwimu ilitungwa mwaka 2015, marekebisho ya mwaka 2018 yakafanya kuchapisha kitu kinachopinga takwimu rasmi kuwa kosa. Mwaka 2019 ikarekebishwa tena, kipengele kile kikalegezwa. Katikati ya hapo ofisini kwetu watu walianza kuandika kuhusu nchi jirani. Mimi niliandika kuhusu asali. Hakuna anayekamatwa kwa asali.

Lakini kando ya sheria, kinachomnyamazisha mchumi zaidi ni konsaltansi. Mshahara wa chuo unajulikana, ada za watoto zinajulikana. Shirika linakuja, wiki sita, ripoti kurasa 80, malipo yanazidi mshahara wa miezi kadhaa. Ripoti inakuwa mali yao, inafungiwa kabatini. Nimeziandika, sijitakasi, nyumba hii ninayoandikia bati lake limetoka huko. Ila ukitazama nyuma unakuta miaka mitano hujaandika kitu chako mwenyewe, na hakuna aliyekukataza.

---

binti_Gungu

Shikamoo mwalimu. Niko form six Kasulu, EGM. Nani wa kumwangalia kama mfano hapa kwetu? Maana kila kitabu ni Wazungu.

---

Mnyamwezi_Halisi

Tabora tupo jamani! Profesa Ibrahim Lipumba, mchumi, ni wa Ilolangulu. Uzamivu Stanford, akafundisha Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), akawa mshauri wa uchumi wa Rais Mwinyi mwanzoni mwa miaka ya 90. Mengine yote yalikuja baadaye.

---

Mwisho_wa_Reli

Marahaba mwanangu. Mnyamwezi yuko sahihi, na tuishie hapo kabla mods hawajafunga uzi kwa siasa.

Msome pia marehemu Benno Ndulu. Alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akaongoza AERC, taasisi ya Nairobi ya utafiti wa uchumi Afrika, iliyoanzishwa mwaka 1988 na ambayo imesomesha wachumi wengi wa Afrika, akapita Benki ya Dunia, kisha akawa Gavana wa Benki Kuu kuanzia mwaka 2008 mpaka mapema 2018. Akafariki Februari 2021. Darasa, utafiti, sera, vyote kwa mtu mmoja. Na Justinian Rweyemamu, aliyeandika kuhusu viwanda vya Tanzania mwaka 1973 na kufanya kazi karibu na Mwalimu Nyerere. Alifariki mapema, mwaka 1982, na nasikitika wanafunzi wangu wengi hawajawahi kumsikia.

Kwa wa nje, Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Nobeli ya uchumi, mwaka 2009, na uzamivu wake ulikuwa wa sayansi ya siasa! Alizunguka kuangalia watu wanavyotunza malisho, maji na samaki vya wote bila serikali kuwashikia fimbo wala kumgawia mtu mmoja. Ziwa letu lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, nilimsoma tena usiku kucha.

---

Kipe_cha_Katonga

Mimi ni mvuvi, nimeonyeshwa uzi huu na shemeji. Kwenye kufungwa ziwa ulikuwa upande gani? Sema ukweli.

---

Mwisho_wa_Reli

Kaka, heshima yako. Ukweli: niliunga mkono ziwa kupumzika, nikapinga namna gharama ilivyogawanywa. Ziwa ni la nchi nne, Kongo ina karibu asilimia 45, sisi 41, Burundi 8, Zambia 6. Mmoja akipumzika na mwenzake akivua, anayepumzika ni mjinga. Kwa hiyo makubaliano ya pamoja yalikuwa lazima. Lakini miezi mitatu mwenye nyavu ana akiba, ana duka, ana nyumba ya kupangisha. Mama wa vichanja hana nyavu, haandikwi popote kama mvuvi, na dagaa ndio mtaji na ndio chakula. Niliandika hivyo.

Na kingine kinachonikera kwa sisi wachumi: tunazungumza kana kwamba nyavu ndiyo adui peke yake. Kuna utafiti wa mwaka 2003 kwenye jarida la Nature ulioonyesha maji ya juu ya ziwa yanapata joto, hayachanganyiki vizuri na ya chini, na chakula cha samaki kimepungua kwa takriban asilimia 20. Hilo kufunga miezi mitatu hakulirekebishi.

---

Kipe_cha_Katonga

Egome. Hapo kwa akina mama umesema. Hilo la joto sijui, ila upepo wa kusini siku hizi si ule.

---

Ex_Bodi

Utafiti gani wa Tanzania unaukubali, ambao si wako?

---

Mwisho_wa_Reli

Wa Kagera, bila kufikiria. Ulianza mwaka 1991 na kaya zaidi ya 900. Mwaka 2004 wakarudi kuwatafuta watu wale wale, na waliohama wakafuatwa huko huko walikohamia, si kuandika "hayupo" na kuondoka. Hiyo kazi ya kumtafuta mtu aliyehamia Mwanza au Uganda ndiyo utafiti, hesabu zinakuja baadaye. Wakakuta waliohama kutoka jamii zao za awali matumizi yao yalikua kwa pointi 36 za asilimia zaidi ya ndugu zao waliobaki.

Nikiufundisha huo wanafunzi wa Kigoma wanatazamana. Babu yangu mzaa mama alikwenda Tanga kwenye mkonge, manamba (kibarua wa mkataba), kama Waha wengi wa enzi ya Mwingereza. Alirudi na baiskeli na kikohozi. Sijui angewekwa upande upi wa jedwali.

---

binti_Gungu

Mwalimu, kwa hiyo nisome uchumi au nisisome?

---

Mwisho_wa_Reli

Soma, mwanangu. Hisabati usiikimbie, huko ndiko wengi wanakofia. Takwimu jifunze kwa kompyuta mapema, usisubiri kufundishwa. Na likizo hii kabla ya chuo, kaa dukani au sokoni kwa mtu unayemjua, uone daftari la madeni linavyoandikwa. Kuna mambo nimeyakuta pale hayamo kwenye kitabu chochote nilichonacho.

Kuajiriwa sikuahidi. Wenzangu wa darasa wawili wako benki, mmoja wizarani, mmoja ana bajaji tatu Mwanga na ndiye anayenikopesha mwisho wa mwezi.

---

Nzega_Road

Mwalimu, na yule mama wa beseni? Bado mnaongea?

---

Mwisho_wa_Reli

Leo alfajiri nilikuwa kwake Kibirizi. Giza limeanza vizuri, mitumbwi imerudi na mzigo. Nilikwenda na mizani nikitaka kupima beseni zake kumi kwa ajili ya kazi mpya, nikamweleza na maana ya sampuli. Amenisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema anayetaka kupima beseni lake alinunue kwanza, maana wakati napima jua linapita na dagaa wanaharibika.

Nikanunua. Kilima na konzi tatu juu.

Sasa niko Ujiji na beseni zima la dagaa wabichi, mvua imerudi, na mke wangu anauliza nani ataanika. Mwenye kichanja cha karibu chenye turubai anicheki inbox haraka.

---

binti_Gungu

😂😂 Mwalimu shangazi yangu yuko Mwanga, nakutumia namba. Ila kasema nyongeza ni yake.